Dereva Niliyemhurumia

Mama yangu, shikamoo. Simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika. Miguu imepoa? Na kikohozi cha baba kimemwachia? Mimi hapa Changamwe mwili ni mzima. Moyo, wallahi, sikufichi, umevunjika.

Nasikia wawaambia watu huko Lamu kwamba mwanao anaponya watu kwa ushauri nasaha. Usiwaambie tena.

Nililetewa Mzee Katana, dereva wa lori la makontena. Mtu alikatiza barabara ghafla pale Mikindani, lori likamgonga, akafa. Makosa hayakuwa ya mzee, lakini tangu siku ile akishika usukani mikono yamtetemeka. Kampuni ikampa miezi mitatu apone. Matibabu yake yanajulikana, yamefanyiwa utafiti: mtu huikaribia hofu yake pole pole. Leo ashike mlango wa lori, wiki ijayo akae ndani, baadaye awashe. Wiki ya pili nilimkalisha kitini dakika ishirini, akalia hadi shati likalowa. "Mwanangu," akaniambia, "leo tuzungumze tu."

Nikamhurumia. Chuoni pia tuliambiwa mwongozo si msahafu, mtu hutangulia karatasi. Basi tukazungumza, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Alinisimulia minazi yake na mabinti zake, akicheka. Alikuja mapema kila mara, na mahamri ya mkewe mkononi. Nami nikajiona hodari.

Miezi ikaisha. Alipopelekwa kwenye lori hakuweza hata kupanda. Kazi ikaenda.

Msimamizi wangu, Bi Zawadi, hakunigombeza. Alisema, "Ungemkalisha dakika mbili badala ya ishirini, mlango wazi, nawe kando yake. Huko ndiko kulegeza. Wewe ulimsaidia kukimbia." Ni kweli tupu, na imechelewa.

Mzee alikuja kuniaga, anarudi kwao Kaloleni. "Mungu akubariki," akasema. "Wote walinilazimisha, isipokuwa wewe." Mama, heri angenitukana.

Nisalimie baba, na shangazi aliyenilea, na dada yangu mwalimu. Mwambie asimlete bintiye kusomea kazi hii.

Leo asubuhi nimepewa dereva mwengine. Ameshika mlango wa lori, akaanza kulia, akanigeukia. "Dada, lazima leo?" Nikasimama kando yake, nami nikaushika ule mlango, nikamwambia, "Dakika mbili tu."

Ni mimi mwanao, niombee,
Mwanaisha