Marahaba ya Dirishani

Jumanne, Tabora

Kesho nitarudia, Matroni aseme atakavyo.

Wiki nzima Bibi Nyamizi wa Sikonge, mgonjwa wa kifua kikuu wodini ninakofanya unesi, hakuniitikia shikamoo. Leo nikamuuliza nimemkosea nini.

“Kila ukinitazama macho yanafinyika. Unanibinulia midomo humo ndani ya kitambaa.”

Nami nilikuwa natabasamu tu.

Wodini sikivui kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Ugonjwa ule nauogopa, sitajidanganya. Basi nikatoka nje, nikasimama dirishani kwake, nikakivua.

“Shikamoo, bibi.”

Akanitazama uso mzima, bila haraka. “Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe una mwanya.” Tukacheka wote wawili.

Matroni, yule Mzungu mkuu wa manesi, akanifokea kutoka mle wodini. Eti nesi hachezi madirishani, na nikirudia atanifukuza. Naye alikuwa na kitambaa usoni, sikujua kama ametishia tu au amekusudia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kazi naihitaji, nyumbani wananitegemea mimi.

Lakini kesho asubuhi nitasimama palepale. Akitaka kunifukuza, na atoke nje kama mimi, avue kitambaa, ndipo aniambie.