Nilimwambia Daktari Dada Haanguki

Bi Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie, hili sijapata kumwambia mtu: nimemdanganya daktari, kwa Kiingereza changu mwenyewe. Nna miaka kumi na sita, skuli tunasoma Kiarabu na Kiingereza, na mama Kiingereza hakijui, kwa hivyo hospitali hunichukua nimfasirie, na Jumatatu tulimpeleka dada Buthaina, mimba yake ya miezi minne imefia tumboni, daktari Mhindi akasema Jumamosi alazwe atiwe dawa ya kuitoa, kisha akauliza, amewahi kuanguka kifafa? maana dawa ile huweza kumwangusha mwenye kifafa, lazima wajue mapema, na mama akanifinya, "Mwambie hana! Mumewe yupo mlangoni, unataka dada'ko aachwe?" nami nikasema hana, dada akatazama chini, na ukweli anaanguka tangu utotoni, na tangu aolewe na Marhoon vidonge vyake vimo jikoni kwetu ndani ya kopo la bizari, anameza Ijumaa tu akija kula, mume asijue, na jana nilipomwambia mama turudi kwa daktari akanicheka, "Haya, daktari bingwa! Huko skuli mwafunzwa kuvunja nyumba za watu?" Kesho naituma hii kwa faksi kutoka dukani mtaa wa Ruwi, nitangoja jibu hapo hapo, nifanye nini, nasikia kandambili za mama zaja mlangoni, naificha

Marahaba, mwanangu. Wewe nilikujibu kwa faksi saa ile ile. Hapa nalichapa jibu hilo, majina nimeyabadili, kwa wengine wenye makopo kama lenu.

Mama yako fundi kweli! Kamficha Marhoon kifafa, kaona bora binti aangukie wodini, mume amekaa kitini anatazama. Siri gani hiyo? Na dawa ya kila siku kuliwa Ijumaa kwa Ijumaa, kama biriani! Nawe usinijie na haya zako. Kumkatalia mama uliona haya, kumdanganya daktari hukuona?

Najua, umebebeshwa mambo ya watu wazima. Basi yatue. Leo, si Jumamosi, mpigie dada yako simu mumewe akiwa kazini. Ugonjwa ni wake, akauseme mwenyewe, nawe ufuatane naye. Akishindwa, sema wewe. Lichukue kopo, bizari na yote, limwage mezani kwa daktari: anaanguka, vidonge vyake hivi, humeza siku moja kwa wiki. Asijiongezee vidonge nyumbani kufidia. Dawa ipi atiwe na alindwe vipi, wao ndio wajuao. Waombe siri wasimpe mume; dada yako atamwambia mwenyewe, akiwa hai.

Mama akilalamikia bizari yake, mpe namba yangu. Anicheke mimi.