Picha ya Kemirembe

Ndama, Karagwe

Dada Beata, shikamoo.

Kemirembe wangu, na moyo wake huo mgonjwa, kaongoza tena darasa. Kanifuata mimi!

Yule bwana anayechangisha fedha za kutibu watoto wenye ugonjwa wa moyo alikuja kumpiga picha. Nikamkaribisha kahawa ya kutafuna, akaitia mfukoni. Mgeni gani huyo, asiyetafuna kahawa ya mwenyeji wake? Tena akataka mtoto avue gauni la Pasaka, avae matambara.

"Baba, mwanangu anaumwa moyo, hajakosa nguo!"

Akacheka, akampiga na gauni lake hivyo hivyo.

Jana jirani yangu Vero kanionyesha picha ile kwenye simu. Watu wanachanga, na chini wameandika ni yatima. Nimekufa lini, dada? Hebu nenda hospitali anayoitaja bwana yule huko Bukoba, uulize kama wanamjua. Mtoto anachoka hata akipanda kwenda kisimani.

Mdogo wako, niliye hai,
Celestina