Maji ya Tangi Yamegeuka Kijani

Jumatatu, 4 Machi
Maji ya tangi yamekuwa kijani kibichi, samaki hawaonekani. Mume wangu amekaa mbele ya kioo tangu chai ya asubuhi, analia. Ati samaki wake wameibwa! Nimemwambia wamo humo humo. Kanitazama kama mwizi ndiye mimi. Miaka thelathini na nane ya ndoa.

Nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Kasema ni mwani, kubadilisha maji tu hakutoshi. Kanipa taa ya UV: pampu inasukuma maji yapite taratibu kando ya taa, mwani unakufa. Kanionya — nisiiwashe kabla maji hayajapita, nisiitazame, inaumiza macho.

Binti yetu kapiga simu. Nafasi ya baba yake imepatikana kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wanataka jibu Ijumaa. Nimemwambia nina kazi ya samaki.

Jumanne, 5 Machi
Mpira wa maji kutoka kwenye pampu uligoma kuingia kwenye mdomo wa taa. Nimesukuma mpaka kiganja kikachubuka. Nikatukana — mimi, mwalimu mstaafu!

Mara mume wangu akainuka. Akauchukua mpira, akatumbukiza ncha yake kwenye kikombe changu cha chai ya moto. Akangoja. Ukalainika, ukaingia wenyewe. Akakaza kibana kwa bisibisi. Akaniamuru nizime umeme kwanza. Waya akauning'iniza chini ya soketi, ili matone yasiufuate mpaka kwenye umeme. Fundi umeme wangu, yule yule!

Nilijifungia bafuni, nikalia mpaka kwikwi. Kisha nikampigia binti: ngoja kwanza, baba yako amerudi.

Akajibu: "Mama, jamani. Usijitese."

Alhamisi, 7 Machi
Bado kijani. Kauliza mara sita ile taa ni nini, nani kaileta. Mara ya sita nilimfokea. Akaomba radhi kama mtoto. Sijapenda moyo wangu leo.

Ijumaa, 8 Machi
Maji yametakata! Unaona hadi changarawe za chini. Samaki wote kumi na mmoja wamo. Akapiga magoti, akawaita kwa majina aliyowapa mwenyewe — Bwana Harusi, Mdokozi, Bi Mkubwa, Kasheshe... Hakukosea hata mmoja. Nikapiga magoti ubavuni pake, nikangoja jina langu.

"Ahsante sana, dada," akasema. "Mke wangu akija atafurahi."

Nikamuuliza mkewe yuko wapi.

"Shuleni, anafundisha. Lakini leo kachelewa mno, nina wasiwasi naye."

Saa kumi sasa. Simu inaita, ni binti, anataka jibu. Na yeye keshavaa viatu, kasimama mlangoni, ananisihi nimsindikize tukamtafute mkewe. Ngoja nichukue sweta.