Huyu Maître Si Wenu

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Brussels ambayo hayanyeshi na hayaachi. Nina hasira hadi vidole vinakosea herufi.

Leo nimefuta kifungu cha sita.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikiandika kwa hasira peke yake nitajipendelea. Mimi ni karani katika ofisi ya notaire, yule mtu wa sheria ambaye hapa Ubelgiji hakuna nyumba inayouzwa bila kupita kwake. Mkataba wangu wa kazi ni wa miezi sita, na umebakiza wiki tatu. Kila siku napokea simu za watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza, na maswali yao ni yale yale. Tukishasaini mkataba wa awali, tunaweza kujitoa? Hapana, ukisaini umenunua. Na benki ikitunyima mkopo? Hakikisha mkataba una sharti la mkopo: benki ikikataa kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, mauzo yanavunjika bila wewe kudaiwa. Ni lazima tumtumie notaire wa muuzaji? Hapana, leta wako, gharama haiongezeki, watagawana wenyewe.

Nayajibu bila kusita. Kwa Kifaransa, kwa watu nisiowaona sura.

Leo saa nne walikuja Papa Safari na mkewe, Maman Furaha, watu wa Bukavu ambao wamepanga Anderlecht miaka mingi. Wanataka kununua fleti ya vyumba viwili mtaa huohuo, na walikuja kupitia rasimu ya mkataba wa awali. Papa alivaa suti ya kanisani. Maman husafisha wodi hospitalini, na kila alichokiweka akiba kwa mgongo wake kinaingia kwenye fleti ile.

Aliposoma jina langu mezani, uso wake ulifunguka.

“Ma fille, uko mutoto wa kwetu?”

“Ndiyo, maman. Wa Bukavu.”

“Papa Safari, umesikia? Mutoto wa Bukavu iko mu bureau ya maître wetu! Bon, sasa hata wakitusengenya mu Kiflamand, tutajua.”

“Mimi mwenyewe Kiflamand kinanishinda, maman.”

“Basi nyamaza, wasijue.”

Nilicheka. Sijacheka tena tangu hapo.

Maître wetu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Kwetu Kongo, Maître ni wakili. Unamlipa, anakuwa wako, anapaza sauti mahakamani kwa ajili yako, na wewe humfichi kitu. Hapa notaire naye huitwa Maître, lakini hasimami upande wa mtu yeyote. Kazi yake ni kuhakikisha karatasi ni sahihi na kila anayesaini ameelewa. Tena huyu wa ofisini kwetu ameletwa na muuzaji. Wao walisikia neno Maître tu, mioyo ikatulia.

Kwa hiyo Papa Safari akafanya kile ambacho mtu hufanya kwa wakili wake. Akainama juu ya meza, akashusha sauti, akamwambia Maître kwa Kifaransa kwamba yeye hawezi kumficha: benki bado haijajibu. Yule bibi wa benki alisema tu, “Ça va aller.” Haya yote mbele ya dalali wa muuzaji, ameketi kiti cha pili.

Ça va aller! Itakuwa sawa! Mtu wa benki husema hivyo kama anavyosema siku njema. Papa Safari aliipokea kama barua yenye muhuri.

Dalali aliidaka hapo hapo. Akatabasamu, akasema kuna mnunuzi mwingine asiye na masharti, na kama benki imeshawapa moyo kiasi hicho, sharti la mkopo lina kazi gani zaidi ya kumtia muuzaji wasiwasi? Maître akatazama saa yake. Akaeleza hatari kwa sentensi moja ndefu, kwa kasi ya mtu anayesoma karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa. Kisha akauliza kama wameelewa.

“Oui, Maître,” wakajibu wote wawili kwa pamoja, kama darasani.

Nawajua. Hata mimi nimelelewa hivyo. Mkubwa akikuuliza kama umeelewa, anakuuliza kama una adabu.

“Ondoa kifungu cha sita, mademoiselle. Tutasaini Jumatatu saa tano.”

Nikakiondoa. Mistari saba ya sharti la mkopo, kitufe kimoja.

Nilipokuwa nawapa makoti yao kwenye korido, Maman alinisogelea. “Ma fille, banque ikikatala, maître atapasula ile karatasi, si ndiyo?”

Nikamjibu, “Mtaongea naye Jumatatu, maman.” Kwa sauti ile ile ya simu.

Akanishika mkono kwa shukrani. Akaniandikia namba yake, eti siku wakihamia nije kula sombe, kisamvu cha kwetu.

Namchukia dalali. Namchukia yule bibi wa benki na maneno yake matamu yasiyoandikwa popote. Nimemkasirikia Maître, ambaye anajua vizuri kuliko mimi kwamba “oui” ile haikuwa na kitu ndani. Nimewakasirikia hata wao, na suti yao, na utii wao. Lakini waliokuwa ndani ya chumba kile wakijua Kiswahili, sheria na makosa yao kwa pamoja, walikuwa wangapi?

Mmoja.

Nimejiuliza mara kumi kama kuwaambia ni kutoa siri ya ofisi. Si siri. Ni yale yale ninayomwambia yeyote anayepiga simu. Ninachokiogopa si sheria, ni uso wa Maître.

Saa kumi na moja nilimpigia Maman Furaha.

“Maman, ule maître hapana wenu.”

“Ni wa nani sasa? Wa ule anauzisha?”

“Hapana wa muntu. Ni wa karatasi. Na ile karatasi, mukiisaini, inasema mumenunua, banque ikubali ao ikatale.”

“Na ikikatala?”

“Watawaomba fidia, maman. Kawaida ni dix pour cent, kumi kwa mia, ya bei. Na nyumba hamupate.”

“Yesu wangu.”

Papa Safari akachukua simu. “Mademoiselle, asubuhi ulikuwa na mudomo ao hapana?”

“Nilikuwa nao, papa.”

“Ulikuwa umeuweka wapi?”

Akaendelea kabla sijaufungua huo mdomo.

“Ule acheteur mwingine akitunyanganya nyumba, utatulalisha kwako?”

“Ombeni kifungu kirudi, papa. Ao mulete notaire wenu, bei haiongezeke.”

“Mi nitamuuliza Maître,” akasema, akakata.

Atamuuliza Maître. Na Maître hatahitaji kufikiri sana ili ajue nani amesema. Nimeketi na koti mwilini mpaka sasa. Wiki tatu za mkataba. Nimeshahesabu, ndiyo, mimi ni mwoga, lakini hata mwoga anaweza kuhesabu hadi mwisho akachoka kuogopa.

Wanaweza kumkosa muuzaji kwa sababu yangu. Hilo nalo ni kweli, na sitalificha humu. Lakini afadhali waikose fleti wakiwa na akiba yao mkononi.

Jumatatu nitawahi ofisini kabla ya wote. Nitachapisha mkataba mara mbili, mmoja una kifungu cha sita, mwingine hauna. Nitaiweka yote miwili mezani, nitasoma tofauti yake kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, polepole, mbele ya dalali. Halafu nitasubiri nione ni nani atanifukuza kwanza, Maître au Papa Safari.