Kitunga Hairudi Bure

Kinshasa, 4/2/1982

Mama mupenzi,

Jambo sana. Uko muzuri? Magoti inakuumiza bado? Mimi niko muzuri, Mungu anasaidia.

Habari kubwa: balinipandisha cheo! Sasa niko profesa kamili. Kazi ni ile ile, kufundisha namna vitu vinasafiri: unga inatoka wapi, inapita wapi, nani anaikula mbele ya kufika sokoni. Somo ya kwanza naanzaka na wewe. Nasema: "Kwa mama yangu, ukiletewa chakula ndani ya kitunga, hauirudishe bure. Basi mbona kamiyo ya mizigo inaenda muji ya Kamituga imejaa, inarudi bure?" Banafunzi banacheka, lakini habasahau.

Likizo ile nilikuja kwako, bashofere ba kamiyo ba soko ya Nyawera balinionyesha unga ya serikali inapotelea kwa nyumba ya nani. Wiki ijayo nitaisema mbele ya bakubwa ba serikali. Usiogope.

Kitunga yako inarudi na sukari na kitambaa.

Mutoto wako,
Isidore

Bagira, 20/2/1982

Mutoto wangu,

Salamu mingi. Magoti ni ya uzee, nayazoea. Nilicheza peke yangu jikoni, jirani Jeanine akafikiri nimerukwa na akili! Lakini, profesa wangu, bakubwa haiko banafunzi. Hauwezi kubapa mutihani. Maneno ya bashofere iache ndani ya tumbo, nakuomba.

Nakutumia sambaza, samaki ndogo za ziwa yetu, kwa kitunga ile ile. Venant, mwenye kutubebea kitunga, anapanda avion ya Kinshasa, ataiacha kwa mulinzi wa mulango ya iniversite, kama siku zote. Ujibu upesi.

Mama yako

Kinshasa, 30/4/1982

Mama mpendwa,

Natumaini uko na afya njema. Mimi pia. Kazi inaendelea vizuri katika amani.

Nimesahau majina ya wale mashofere wa Nyawera walionieleza habari za unga. Uniandikie upesi majina yao na mahali wanapokaa. Kitunga nimerudisha.

Mtoto wako,
Profesa Cirhuza

Bagira, 9/5/1982

Mutoto wangu,

Jambo. Miezi mbili kimya, kisha barua ya mashine! Tangu lini unaniandikia na mashine? Magoti yangu haukuuliza. Na kitunga imefika bure, hata chumvi kidogo. Kwanza nilisema: aka, ukubwa umemupanda kichwa. Kisha roho ikakataa. Wewe ungali mudogo ulirudisha sahani ya Jeanine na majani ya muhogo ya shamba yake mwenyewe, ili tu isirudi bure.

Majina nitaulizia. Mbele ya hapo niambie: Isidore anaendelea aje? Kikohozi yake ilipona? Mulilala kitanda moja tangu utoto, utajua wewe.

Mama yako

Kinshasa, 24/5/1982

Mama mpendwa,

Nafurahi kusikia habari zako. Isidore nilimwona juzi. Kikohozi kimepona, amenenepa, anakusalimia sana. Samahani kuhusu kitunga, nilikuwa na haraka. Majina bado nayangoja.

Mtoto wako,
Profesa Cirhuza

Bagira, 3/6/1982

Kwako wewe mwenye kuandika,

Jambo. Afya yako siulize. Unakula sambaza yangu, uko muzuri.

Isidore na Cirhuza ni mutu mumoja. Isidore njo jina ya ubatizo, ile serikali ilitukataza, tunamuita hivyo ndani ya nyumba tu. Na wewe unaniambia ulimuona, amenenepa! Muongo wee! Nilipofika kwenye mustari ile nililia mpaka Jeanine akakuja kubisha mulango.

Majina sikupe. Bale bashofere nabo bako na bamama.

Sijui kama mutoto wangu iko hai. Wewe unajua, na hiyo njo inaniuma sana. Venant anakuletea kitunga tena, nimejaza sambaza mpaka juu. Nusu ni yako, maana nawe ulizaliwa na mwanamuke. Nusu umupe yeye, kama iko mahali unaweza kumufikia.

Kisha unirudishie kitunga, na isirudi bure. Sitake sukari, sitake kitambaa. Weka ndani karatasi, mustari moja tu ya mukono yake. Aniulize magoti.

Mama ya Isidore