Wigi ya Mama Yako na Mdomo Wangu

Migosi, Kisumu
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Winny,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mmoja wa mama yako na mmoja wangu. Habari ya Doha? Hilo jua limekuachia ngozi kweli, ama tutakupokea uwanja wa ndege ukiwa umekauka kama omena? Na kile kikohozi kimeisha? Sisi tu wazima. Mama yako anakula. Juzi alimaliza samaki mzima, ngege, akaanza kuangalia kichwa cha yule wangu. Daktari amesema arudi baada ya miezi sita. Mimi goti la kushoto linalia, lakini sura bado ni ile ile inayosimamisha watu barabarani.

Utashangaa mjomba ameshika kalamu. Niliachia shule darasa la saba, si kwa ujinga, walimu ndio waliishiwa. Lakini habari hii siwezi kuisema kwa simu. Kwa simu mimi hucheka, na nikicheka natoroka. Ndiyo maana nimemwomba Tom, jirani yetu anayerudi huko kazini Jumanne, akupe karatasi hii mkononi.

Winny, nilikudanganya. Mama yako hakuikataa wigi yako.

Sasa kaa chini nianze mwanzo. Ulipotuma pesa ukaniambia nimtafutie nywele za binadamu, za gredi nzuri, dawa za hospitali zikiwa zimemmaliza nywele kichwani, nilijiona mimi ndiye wa kazi hiyo. Nimeuza mitumba Kampala, nimefika Juba na lori, nywele ni kitu gani? Nikapanda kwa Nangila, yule mama wa Kibukusu mwenye duka la nywele kule ghorofani, nikasema wateja wote wasikie: "Mama, nipe gredi ya kumi na tano! Ndefu, ifike kiunoni!"

Nangila akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia. "Ya nani, Mzee?"

"Ya dada yangu. Ana miaka hamsini na minane."

"Na anaenda kanisani ama disko?"

Wateja wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane nimechekwa. Akanikalisha kwenye stuli, akanifundisha kama mtoto wa nasari. Kumbe hizo namba za gredi huandikwa na yule anayefunga pakiti. Huyu anaandika nane, yule kumi na tano, na hakuna anayewapima. Akaniambia, "Acha kusoma, shika." Nikashika zile za kumi na tano. Zilikuwa laini kama siagi. Akaziosha mbele yangu kwa maji moto na sabuni, na ule ulaini wote ukaenda na maji, zikabaki kama katani. Ni nywele zilizookotwa huku na huku, mizizi hapa, ncha pale, kisha zikapakwa kitu cha kung'arisha. Halafu akachomoa unywele mmoja kutoka wigi nyingine, akauchoma. Ukanuka kama kuku anayebabuliwa manyoya, ukawa majivu. "Hiyo ni ya mtu," akasema. "Ikiyeyuka ikawa kidonge, hiyo ni plastiki." Nikapitisha vidole kutoka ncha kwenda juu, havikukwama. Nywele za kichwa kimoja, mtu mmoja, zote zimelala upande mmoja.

Wigi hiyo ilikuwa fupi, imefukizwa mvuke ikajikunja kama nywele zetu, na mvi chache zimechanganywa ndani. Mvi, Winny! Nilitaka kukataa. Nangila akasema, "Mzee, wigi nzuri ni ile hakuna mtu anauliza." Nikaichukua shingo upande.

Mama yako aliivaa akasimama mbele ya kioo. Kisha akaniuliza kama nadhani baba yako angemtambua. Nikamwambia angemtongoza upya. Tangu siku hiyo akarudi kanisani, akarudi kwaya. Hakuna mtu aliyejua. Hata mimi mara nyingine nilisahau.

Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Nilifanya jambo safi kabisa maishani, na hakuna hata mmoja wa kuniambia Absalom, umefanya.

Mwezi uliopita tulienda nyumbani Asembo Bay kwa harusi ya Ooko, mtoto wa jirani. Unajua harusi zetu. Muziki ukisimama unatoa pesa kidogo, unapewa maiki, unajisifu na kusifu wako. Hiyo ndiyo pakruok, na haijawahi kunipita. Nikasimama na kofia yangu, nikajiita ndovu wa ziwa, nikajiita Juba haikunimaliza. Watu wakashangilia. Mdomo ukaonja utamu, ukaendelea wenyewe: "Mimi ndugu ya Mama Winny! Kichwa chake kilikuwa kipara kama yai, nikamnunulia nywele za binadamu, kichwa kimoja, na nyinyi nyote mmedanganyika!"

Watu walicheka, Winny. Halafu vichwa vyote vikageuka upande mmoja.

Mama yako alikuwa ameshika sinia ya wali. Naswa, mwenzake wa kwaya aliyekuja nasi, akasema kwa sauti, "Kumbe! Na mimi kila Jumapili namuuliza anatumia mafuta gani!" Mama yako akamaliza kugawa ule wali, meza mpaka meza, kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga kitambaa. Hakunitazama mpaka tukafika Migosi. Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisa.

Jumapili iliyofuata ukapiga vidio, na kwa sababu simu yake ni ile ya kubonyeza, ulipiga kwangu kama kawaida. Ukauliza, "Mama, wigi iko wapi?" Kabla hajafungua mdomo, nilinyakua simu nikatoka nawe nje, nikakwambia anasema hawezi kuvaa nywele za mtu asiyemjua, pengine ni za maiti. Ukasema tu, "Sawa, Mjomba," ukakata. Maneno hayo yalikuwa yangu yote. Niliogopa kwamba akikujibu, utanijua.

Sasa ni Jumapili tatu hujapiga. Wewe unadhani alitupa jasho lako. Na yeye, nyathina, mwanangu, anadhani uliona kichwa chake ukaogopa. Jana nilimsikia akimwambia Elsie, msichana wa nyumba ya pili, "Pengine nilipaswa kujifunika vizuri kabla hajaniona." Nikaweka kikombe changu chini.

Nikamwambia mama yako kila kitu. Nilitegemea sufuria ya kichwa. Aliniuliza neno moja tu: "Kwa hiyo Winny anafikiri nimeikataa?" Nikasema ndiyo, na nikajitolea kwenda kanisani nishike maiki niombe msamaha mbele ya wote. Akasema, "Absalom, ukishika tena maiki nitakuvunja huo mkono. Andikia mtoto."

Ile wigi haijatupwa. Iko juu ya kibuyu karibu na kitanda chake, na asubuhi nimemwona akiichana kwa vidole, kuanzia ncha.

Jumapili ya tarehe 22 piga, tafadhali. Simu yangu nimempa, nimemwonyesha pa kugusa, amejaribu mara nne. Mimi nitakuwa Awasi kwa rafiki yangu Ogola kutwa nzima, ili mzungumze bila mdomo wangu kuwa katikati.

Msalimie Debra unayeishi naye. Ogola anakusalimu, na Elsie pia. Mungu aliyemwinua mama yako kitandani akulinde huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Sina la kujisifia leo. Ni mimi nikupendaye, niliyekukosea,

Mjomba wako,
Absalom